Mbuzi wa Mahari na Ghala la Mifupa la Mama Kabedi

Miaka ishirini na mitatu Mama Kabedi Tshiamala alitunza vipuri vya malori katika karakana ya kampuni moja ya madini, hapa Kolwezi. Boulon, hata ile ndogo ya kukazia gurudumu, haikutoka mkononi mwake bila karatasi. Mainjinia waliozoea kumkemea kila mtu walikuja dirishani kwake na sauti za chini, kama watu wa kuungama, kuomba roulement moja tu, beringi ya gurudumu. Naye aliwauliza: ya mbele ama ya nyuma? Ya kushoto ama ya kuume? Asiyejua alirudishwa akaangalie. Karakana ilipofungwa alikuwa na miaka hamsini na sita, macho mazima, na huzuni ya mtu ambaye hakuna tena anayemwomba kitu.

Kwa hiyo aliposikia kwamba makumbusho madogo ya mji yanatafuta mtu wa kutunza ghala, alifunga pagne, kitenge chake cha sikukuu, akaenda siku ileile. Alidhani atakabidhiwa vinyago na viti vya machifu kutoka ikulu ya Musumba. Profesa Philippe Kabemba, aliyetoka Lubumbashi kuja kumwonyesha kazi, alifungua mlango wa chumba cha nyuma, akawasha taa, na Mama Kabedi akaona masanduku yamebebana toka sakafuni hadi kwenye dari. Yalikuwa mia moja sitini na manne.

"Iko nini ndani?" akauliza.

"Mifupa."

Mama Kabedi akafanya ishara ya msalaba.

"Si ya batu, mama," Profesa akasema haraka. "Ni ya banyama. Batu ba zamani balikula, balitupa. Sisi tukachimba, tukaokota."

"Kumbe ni takataka."

"Ni takataka ya miaka mia saba."

"Na nyama yake ilikuwa nyama gani?"

"Voilà," akasema Profesa, akapangusa miwani. "Ndiyo ile tunatafuta kujua."

Ukweli ni kwamba Profesa huyu alikuwa mtu wa vyungu. Kigae kimoja cha chungu angeweza kukizungumzia toka asubuhi hadi chakula cha mchana. Alikuwa amechimba viangazi vinne kwenye kilima kimoja kidogo kando ya mto Lualaba, juu ya Nzilo, akitafuta vyungu, na vyungu akavipata. Lakini kwa kila kigae kimoja ardhi ilimpa mifupa kumi. Mbele ya mfupa alisimama kama mgeni kwenye harusi ambaye hajui amealikwa na upande gani. Alimkabidhi Mama Kabedi ufunguo, akamwambia kila mfupa una karatasi yake, na karatasi ikipotea mfupa umekufa mara ya pili. Kisha akapanda basi la kurudi kwao.

Masika ya kwanza, mchwa waliingia. Mama Kabedi alikuwa na mafua, akakaa nyumbani siku sita, na siku sita ni nyingi mno kwa mchwa wa Kolwezi. Mifupa hawakuigusa. Walikula karatasi. Masanduku arobaini yalibaki na mifupa isiyo na jina wala namba ya shimo ilikotoka, na ndani ya masanduku, pale palipokuwa na lebo, mlikuwa na udongo laini tu.

Alimpigia Profesa simu. Akamweleza yote.

"Mama," akasema Profesa, "mi naenda kukaa chini kidogo."

Mtu mwingine angelia. Mama Kabedi alikasirika, na hasira yake ilikuwa hasira ya karakana. Aliita fundi, akaweka rafu za chuma, na miguu ya rafu akaisimamisha ndani ya mikebe yenye mafuta machafu ya injini. Kisha akasema mbele ya masanduku yote kwamba karatasi ameiachisha kazi: namba itaandikwa juu ya mfupa wenyewe. Profesa alikuwa amemwambia zamani kwamba katika makumbusho makubwa hupaka kwanza dawa inayong'aa, ikikauka huandika kwa wino, kisha hupaka tena juu yake. Dawa hiyo Kolwezi haikuwepo. Rangi ya kucha ilikuwepo, tena nyingi, juu ya meza ya mpwa wake Mignonne.

Mignonne alikuwa binti wa marehemu dada yake, naye Mama Kabedi alimlea toka ana miaka tisa. Sasa alikuwa msichana wa ishirini na tano, anafanya kazi katika duka la dawa, na kucha zake zilijulikana mtaa mzima. Chupa ya kwanza isiyo na rangi ilipotoweka alidhani ameipoteza. Ya pili ilipotoweka alimshuku jirani. Ya tatu alimkuta nayo mama yake mlezi mezani, ulimi nje, akimpaka nguruwe pori taya.

"Mama! Ile ni ya Dubai!"

"Huyu naye alitoka mbali," akajibu Mama Kabedi bila kuinua kichwa.

Rangi isiyo na rangi ilipokwisha, alitumia ya waridi. Hadi leo masanduku kumi na moja yana mifupa yenye alama za waridi, na Profesa ameandika katika ripoti yake kwamba jambo hilo si la kawaida lakini halina madhara.

Kuhusu kupanga, Mama Kabedi hakuona shida. Alimwambia Profesa kwenye simu: "Munyama ni sawa na lori. Iko na ya mbele kushoto, iko na ya nyuma kuume. Iko na châssis." Akaandika herufi zilezile za karakana, AVG kwa mbele kushoto, ARD kwa nyuma kuume, na pingili za uti wa mgongo akazipanga kwa ukubwa kama alivyozoea kupanga pete za mpira. Profesa alipokuja kuona, alitembea kati ya rafu hadi mwisho. Akasema amepeleka wanafunzi wawili ng'ambo wakarudi na shahada, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtenganishia kushoto na kuume.

Ila shida moja ilibaki. Kulikuwa na mifupa mingi ya mnyama wa kimo cha mbuzi. Lakini je, ni mbuzi, ama ni swala mdogo wa porini? Kama ni mbuzi, watu wale walifuga. Kama ni swala, waliwinda. Kitabu ambacho Profesa alikuwa akiandika kilikwama hapo.

"Tunahitaji mbuzi mumoja wa kulinganisha," akasema. "Muzima, mifupa yote, asikatwe na shoka. Makumbusho haina kitu ya kumununulia. Wewe, mama, ungemupata wapi?"

Kichwani mwa Mama Kabedi mbuzi alikuwa ameshafika, amefungwa kamba, anakula mapazia.

Maana wiki tatu baadaye wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kasaji. Mignonne alikuwa amechumbiwa na Ruffin, fundi umeme, kijana mpole mwenye njaa isiyokwisha, na ukoo wake ulikuwa unaleta mahari pamoja na mbuzi wawili: mmoja wa kufuga, mmoja wa chungu.

Mbuzi walitangulizwa jana yake, na siku ile asubuhi Mama Kabedi alimfukuza mwenye shoka uani, akachukua kisu kidogo, akamfungua mbuzi wa chungu kiungo kwa kiungo kama mtu anayeshusha injini. Hakuna mfupa uliokwaruzwa. Wanawake waliokuja kusaidia kusonga bukari walitazamana. Mmoja akauliza kama ni desturi mpya ya Bakasai, watu wa kwao Mama Kabedi. Mama Kabedi akasema ni ya makumbusho.

Mtu aliyemtia hofu alikuwa mmoja tu, kaka yake mkubwa Mulumba. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo, dereva wa treni mstaafu, na katika umri wa miaka sabini hakuwa amepoteza hata jino moja. Mbuzi akipita mikononi mwa Mulumba hakuacha ushahidi. Mbwa wake mwenyewe alikuwa amehamia kwa jirani.

"Yaya, ndugu mukubwa," Mama Kabedi alimwomba asubuhi, akipiga goti, "leo usitafune mufupa. Siku moja tu. Juu yangu."

"Mi ni mutu muzima," akasema Mulumba kwa uchungu. "Unaniambia maneno sawa na mutoto."

Wageni walifika saa saba, watu tisa, wakiongozwa na Mama Ntumba, shangazi yake Ruffin. Alikuwa mama mpana, mfanyabiashara wa samaki wa moshi katika soko la Kasaji, na alikuwa na jicho la mtu anayejua samaki aliyechacha hata akiwa ndani ya gunia. Mazungumzo ya mahari yalikwenda vizuri. Salamu zilitolewa, wazee wakasifiana, mbuzi wa kufuga akakubaliwa. Sahani zikaja. Watu wakanawa. Ruffin alikuwa tayari ameshika mbavu mkononi wakati Mama Kabedi aliposimama, akakohoa, akasema:

"Bakwetu, mukule, mushibe. Lakini mifupa, naomba muirudishe. Yote. Musiivunje, musiitafune, musiitupie imbwa. Kila sahani iko na namba chini, na mi nimeandika nani alipewa nini. Mbavu ya kushoto mutaweka mu beseni ya buluu. Ya kuume, mu beseni ya kijani."

Alikaa akitabasamu. Kwake lilikuwa ombi la kawaida kabisa.

Hakuna aliyecheka. Wakwe wote tisa waliinua sahani zao, wakaangalia chini, na kila mmoja akaona namba yake. Mkono wa Ruffin ulibaki hewani. Mama Ntumba akaweka nyama yake chini taratibu, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Mama Kabedi," akasema, "juu ya nini munatafuta mifupa yenye kupita mu kinywa yetu?"

"Ni ya kazi, mama. Naichunga mu sanduku."

"Mu sanduku."

"Na jina yake juu."

Mmoja wa wajomba wa Ruffin akasukuma kiti nyuma. Mama Ntumba akainua mkono kumtuliza, lakini sauti yake mwenyewe ilikuwa imekauka. "Kwetu, mutu mwenye kuchunga mabaki ya chakula ya mwenzake, na kuandika nani alikula nini, tunajua anataka kumufanya nini. Tulikuya kuoa, hatukukuya kulogwa."

Hapo ndipo Mama Kabedi alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Ilikuwa kana kwamba mtu amewasha taa, akaona beseni la buluu, beseni la kijani, sahani zenye namba, na yeye mwenyewe katikati na daftari kifuani. Mignonne alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, amevaa nguo aliyoshonewa miezi miwili.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ulitaka kunitafutia bwana, ao kujitafutia mbuzi?"

"Bakwetu, naapa mbele ya Mungu," akasema Mama Kabedi, na sasa alikuwa karibu kulia, "hakuna mutu hapa mwenye kuwa na mawazo mubaya juu ya mifupa hii. Hakuna mutu mwenye ataigusa, hakuna mutu mwenye..."

*Krak.*

Sauti ilitoka mwisho wa meza. Watu wote waligeuka. Mulumba alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha, mashavu hayachezi, na nje ya mdomo wake kilichungulia kipande cha ubavu.

"Ilivunjika yenyewe," akasema.

Labda mambo yangeishia hapo, wakwe wakachukua mbuzi wao aliye hai wakaenda zao. Lakini Mama Kabedi alikuwa amewahi kusimama mbele ya mainjinia wenye hasira, na alijua kwamba mtu asiyeamini daftari huonyeshwa ghala. Akavua aproni.

"Mama Ntumba, twende. Sasa hivi. Ni dakika kumi kwa miguu. Mutaona kwa macho yenu, na kama ni bulozi, mutanifunga palepale."

Mama Ntumba alifikiri. "Na mifupa?"

"Itabakia hapa."

"Jamais. Mi siachi mifupa yangu nyuma. Tunaenda nayo."

Basi wakamwaga sahani zote ndani ya mabeseni, wakatoka. Mbele Mama Kabedi, nyuma yake Mama Ntumba na beseni la kijani kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe cha meza, kisha wakwe wengine wanane, Ruffin kati yao akiwa na beseni la buluu, kisha Mulumba, kisha Mignonne akilia, kisha wanawake wa jikoni ambao hakuna aliyewaita. Barabarani watu waliona nguo nzuri, nyuso za huzuni, msichana analia, na kitu kimefunikwa kitambaa cheupe. Wenye pikipiki walizima injini wakavua kofia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mkaa aliacha gunia lake akaingia katika mstari, akaanza kuimba wimbo wa msiba, na wengine wakaitikia.

"Ni nani alikufa?" mtu akamnong'oneza Mulumba.

"Mbuzi," akasema Mulumba.

Ghalani, Mama Kabedi aliwasha taa. Mama Ntumba alisimama mlangoni, akaangalia rafu, akaangalia miguu ya rafu ndani ya mikebe ya mafuta. Kisha akaingia peke yake, akafungua sanduku la kwanza. La pili. La tisa. Aliinua mfupa mmoja, akausoma namba, akaurudisha.

"Benye kukula hii bote, bako wapi?"

"Balikufa, mama."

Mjomba mmoja akarudi hatua mbili nyuma.

"Ni zamani!" Mama Kabedi akapaza sauti. "Miaka mia saba! Balikufa juu ya buzee!"

Mama Ntumba alikuwa amefika rafu ya mwisho. Pale palikuwa na sanduku moja kubwa, na juu yake neno moja: HAIJULIKANI. Alilifungua. Ndani mlikuwa na vipande vilivyomshinda Profesa, vilivyomshinda Mama Kabedi, vilivyowashinda hata wanafunzi wa ng'ambo. Alichukua kipande kipana, chepesi, chenye vipele vidogo juu kama ngozi ya chungwa. Akakikwaruza na ukucha. Akakinusa. Akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa; ulikuwa uso wa sokoni.

"Ni nani aliandika ile neno?"

"Ni Profesa."

"Profesa hajawahi kukula samaki? Hii ni kichwa ya kambale! Hii, ni mwiba yake ya mbavuni, ile inachoma mikono. Hii, kambale mwengine, mukubwa, sawa na mutu. Hii..." Akavua viatu, akavuta kreti, akaketi. "Mama, lete kalamu. Andika."

Mama Kabedi aliandika. Kati ya vipande thelathini na viwili, Mama Ntumba alivitaja ishirini na kimoja, na kwa kila kimoja alieleza jinsi ya kumkausha huyo samaki na bei ambayo mnunuzi aikatae. Wakwe walianza kukaa mmoja mmoja. Mama wa mkaa, alipoelewa kwamba hakuna maiti, alikasirika kidogo, kisha akabaki kuangalia. Ruffin alimshika Mignonne mkono, na kwa kuwa mkono wake mwingine ulikuwa na beseni, alimwomba amtolee kipande cha nyama kilichosalia juu ya mfupa. Mignonne akacheka bila kutaka, machozi bado yako kidevuni.

Ilipofika saa kumi, Mama Ntumba alitoa hukumu. Mifupa itaachwa. Lakini itaoshwa mbele ya macho yake, daftari la nani alikula nini litachomwa, na juu ya sanduku hakutakuwa na jina la mtu. Mama Kabedi alikubali yote matatu, ingawa daftari alilichoma ukurasa kwa ukurasa. Walirudi nyumbani wakala upya, kwa adabu kubwa, kila mtu akiweka mfupa wake pembeni ya sahani kama anarudisha kitabu. Kesho yake, Mama Ntumba akitazama, mifupa ilichemshwa na sabuni ya unga katika sufuria kubwa ya Mignonne ya harusi, jambo ambalo Mignonne aliambiwa miaka miwili baadaye.

Ubavu wa Mulumba, vipande viwili, uliunganishwa na gundi. Mama Kabedi, ambaye hakujua kuficha kasoro ya kipuri, aliandika pembeni: umevunjwa na meno, ya mtu. Profesa alipoiona alama ile alichukua kioo cha kukuzia, akakaa nayo nusu saa, kisha akaenda kuchukua ubavu mmoja wa kale kutoka sanduku la hamsini. Mikwaruzo ilifanana. Vitundu vilifanana. Akaomba kuonana na mwenye meno. Mulumba alimpokea amevaa koti na tai, na toka siku hiyo, mara moja kwa mwezi, hutafuna mbavu za mbuzi kwa ajili ya sayansi, na akiulizwa mtaani anasema yeye ni consultant.

Na swali la kitabu je? Walilinganisha. Mifupa mingi ilikuwa ya mbuzi, michache ya swala. Watu wale walifuga, na siku nyingine waliwinda. Profesa alifurahi sana. Mama Kabedi alisema hata yeye angemwambia hivyo: nani anakaa karibu na mto miaka yote hiyo bila hata mbuzi mmoja?

Harusi ilipita vizuri. Mwezi mmoja baadaye simu ya Mama Kabedi ililia asubuhi. Alikuwa karani wa stesheni ya treni.

"Mama, kuna muzigo yenu hapa, inatoka Kasaji. Treni ilichelewa siku ine."

"Ni kitu gani?"

"Hatujue, mama. Hakuna mwenye anakaribia. Ofisi tumehamia chini ya muembe."

Gunia lilikuwa jukwaani peke yake, limefungwa vizuri na kamba ya katani, na nzi wote wa mji walikuwa wamefika kabla yake. Kwenye kamba palikuwa na barua ya Mama Ntumba. Iliandikwa kwamba alikuwa akifikiria lile ghala, na amekumbuka kwamba katika masanduku yote hakuona hata kenge mmoja. Kwa hiyo anamtuma huyu, mzima, na mkia wake, bila kukatwa na shoka. Wiki ijayo, Mungu akipenda, atatuma nungunungu.

Mama Kabedi alijifunga kitambaa puani. Karani alimwangalia kwa mbali akipiga magoti kando ya lile gunia, na akadhani anasali. Alikuwa anatafuta kalamu. Mzigo hauingii ghalani bila namba.